Kwa Nini Hisham Hachezi

Alkhamisi, 4 Machi 2004

Tumefungwa tena! Matokeo siyaandiki. Mkono wenyewe unakataa.

Maradhi haya nayajua yalivyonianza. Mwaka juzi Chuo cha Al-Sidri kilinipa kazi ya mapazia ya ukumbi wa michezo. Mapazia ya buluu, mazito, mpaka leo hayajapauka. Nilikuwa juu ya ngazi natia ndoano za mwisho, vijana wakaingia na mpira wa kikapu. Nikasema niwaangalie kidogo halafu nirudi dukani. Sijarudi mpaka leo. Mwili unarudi, roho inabaki kule.

Tatizo si vijana. Tatizo ni kocha. Na kocha, kwa bahati yangu, ni Ghanim, mdogo wake mke wangu Mahfudha. Anasomesha hesabu za biashara hapo hapo chuoni. Mtu mfupi, mpole, sauti kama ya mtu anayeomba radhi. Mpira wa kikapu kausoma kitabuni. Mimi nimeucheza, Bujumbura, kwenye uwanja wa saruji, goti likichubuka linachubuka. Lakini nani ananiuliza mimi?

Linaloninyima raha ni hili. Tuna kijana anaitwa Hisham. Mrefu! Akipita mlangoni anainama kama anasalimia wenyeji. Mashallah. Na huyu Hisham, msimu mzima, kakaa benchi. Jezi kavaa, kamba za viatu kafunga, anapiga makofi. Hachezi! Tunafungwa na watu wanaonifikia mimi begani, na mnara wetu umekaa unatazama.

Mzee Musallam, mwenzangu wa jukwaani, kastaafu forodhani na mpaka leo pointi anaziita magoli. Kasema pengine kijana anaumwa. Anaumwa! Kabla ya mechi nimemwona anaruka anaigusa ringi kwa kiganja.

Baada ya magharibi Ghanim kaja kula kwetu, kama kila Alkhamisi. Sikumuuliza. Jambo kama hili mtu ukimuuliza hakwambii kweli. Nilimzunguka. Nikasema watu warefu wana raha zao, wanafikia rafu za juu. Ghanim kasema kweli, kisha akaomba kachumbari.

Mjanja huyu! Lakini nitajua. Wallahi nitajua kwa nini Hisham hachezi.

Ijumaa, 5 Machi

Baada ya sala tulikwenda pwani ya Yiti kupunga upepo. Mimi, Mahfudha, Ghanim, jiko la mkaa na nyama iliyolala kwenye ukwaju tangu jana. Mpango wangu: kumnasa Ghanim kwenye mishkaki. Mtu mwenye nyama mkononi hana siri.

Nikapanga uwanja kwenye sinia. Vipande vitano vya nyama ndio sisi. Nyanya ndio wao. Kipande kirefu kuliko vyote nikakiita Hisham, nikakiweka chini ya kikapu, yaani ubavuni mwa bakuli la pilipili. Nikamweleza Ghanim kwa utulivu: mpira ukija juu huku, huyu yuko hapa, nyanya gani itamzuia?

Ghanim kasikiliza kwa makini sana. Akatikisa kichwa. Akamchovya Hisham kwenye pilipili akamla.

Nilimtazama usoni wakati anatafuna. Hakuna dalili yoyote! Kasema tu nyama imelainika.

Mahfudha kanivuta pembeni, kwenye gari. "Suud, hebu mwache mdogo wangu ale. Nnakuona unavyomzunguka kama nzi. Una swali, muulize."

Nikamwambia sina swali lolote. Akacheka, akasema Kiswahili chetu cha Bujumbura hata uongo hakijui kusema. Hawa watu wa Unguja! Kila kitu chao ni lugha. Uchunguzi hawauelewi.

Njiani kurudi nilifikiri. Pengine Ghanim kahongwa na chuo kingine? Hapana. Huyu ni mtu anayevuka mji kurudisha kalamu aliyoiazima. Pengine ana kisa na baba yake Hisham? Baba yuko kazini Salalah, hawajawahi kuonana. Basi limebaki moja tu. Wivu. Mtu mfupi kapata fursa ya kumkalisha mtu mrefu chini, na kila Alkhamisi anaionja raha hiyo mbele ya umma.

Inaingia akilini kabisa. Leo nitalala vizuri.

Jumapili, 7 Machi

Kiuno! Naandika nimelala ubavu.

Nilikwenda chuoni kwa kisingizio cha kukagua reli za mapazia. Bawabu ananijua, kanifungulia. Mlangoni pa ukumbi nikakuta tangazo la mkuu wa chuo, Daktari Alaa. Timu ikishika mkia mwaka huu tena, inavunjwa. Ukumbi utakuwa wa mitihani, na madirisha yatawekwa vipande vya plastiki vya kuvuta kamba. Plastiki! Mapazia yangu yapelekwe wapi?

Zimebaki mechi mbili. Tukishinda hata moja, tumepona. Kwa hiyo sasa uchunguzi si wangu peke yangu. Ni amana.

Nikapanda ngazi, nikasimama nyuma ya pazia la mwisho, nikaacha upenyo wa jicho. Vijana wakafanya mazoezi, wakaondoka. Wakabaki wawili tu, Ghanim na Hisham.

Ghanim kasimama chini ya kikapu. Kapiga makofi, kasema: "Hapa! Hapa!" Hisham karusha kutoka mbali. Ndani! "Hapa!" Ndani tena! Mpira unapita kama umetiwa mafuta. Nilitaka kupiga kelele. Kumbe kijana ni hodari hivi, na anafichwa!

Kisha Ghanim akanyamaza. Akasogea pembeni kwa ncha za vidole, hakusema neno. Hisham akangoja, akageuza kichwa huku na huku, akarusha. Mpira ukaja moja kwa moja kwenye pazia langu. Nami nimo ndani ya pazia.

Ngazi ilikwenda kwake, mimi nikaenda kwangu, reli ikatufuata. Nilipotoa kichwa kwenye kitambaa, Ghanim kasimama mbele yangu. "Shemeji, umeumia?" Nikamwambia reli hii nimekuwa na wasiwasi nayo siku nyingi, na sasa imethibitika. Akanishika mkono akanisimamisha. Hakuuliza zaidi. Hisham naye kaja mbio kuniomba radhi, maskini, lakini radhi yote kaielekeza kwenye lundo la pazia sakafuni. Mimi nimeshasimama upande wa pili.

Kijana mwenye adabu, lakini wamemchanganya akili. Mtu akifanyiwa mazoezi ya ajabu vile, kwa faragha, asichezeshwe, atakuwaje?

Na hilo neno "Hapa! Hapa!" lina nguvu. Nimelipenda. Nitalitumia jukwaani.

Jumatatu, 8 Machi

Mahfudha kanikanda kiuno kwa mafuta ya karafuu. Kauliza nimeangukaje. Nikasema ajali ya kazi. Kasema mbona Ghanim kampigia simu kumwuliza kama nimeamka salama. Nikajifanya nimelala.

Nilipoweza kutembea nikaenda kwa Bi Nasriya, mama yake Hisham. Nyumba yao iko nyuma ya duka langu hapa Madinat Sultan Qaboos. Nilibeba kitabu cha vitambaa, nikasema nimepita kuonyesha mapazia mapya ya majilisi, chumba cha wageni. Hakuwa na haja ya mapazia, lakini nani anakataa kupapasa hariri?

Mapema tu mazungumzo yakafika nilipotaka. Bi Nasriya mwenyewe ana donge! Mwanawe ataingia urubani mwaka huu, mtaa mzima unajua, na shoga zake wote wameshamwomba tiketi. Lakini kila akienda kumtazama mpirani anamkuta benchi. Watu wanamuuliza mwanao ana kasoro gani. Kasema hivi, machozi yanamlengalenga: "Bwana Suud, mimi ni mama. Nnakaa pale na gauni langu, dira ya sikukuu, kuangalia mtoto akipiga makofi!"

Akamwita Hisham aje anisalimie. Ndege ilikuwa inapita juu kuelekea uwanja wa ndege wa Sib. Mama yake kafungua dirisha kwa furaha, akamuuliza ile ndege ya aina gani. Hisham kaangalia juu kwa muda, upande wa mnazi wa jirani. Akasema: "Nzuri, mama."

Mnyenyekevu! Hataki kujionyesha kwa ujuzi wake.

Nikamwambia Bi Nasriya kwamba kocha ni mdogo wake mke wangu, mimi siwezi kusema kitu. Lakini yeye ni mzazi. Mzazi akimpigia simu mkuu wa chuo, nani atamlaumu? Macho yake yakakauka pale pale. Akainuka kuifuata simu.

Jumatano, 10 Machi

Imekuwa! Daktari Alaa kamwamuru Ghanim amchezeshe Hisham kesho. Amri, si ombi. Ningekuwa na kiuno kizima ningeruka.

Asubuhi Ghanim kaja dukani. Hajawahi kuja dukani. Kasimama anashika kitambaa cha kijani, anakikunja, anakikunjua. Kisha kasema polepole: "Shemeji, mtu akikuamini kwa jambo lake, ukaambiwa ulitoe, utafanya nini?"

Nikamwambia inategemea ni jambo gani, kisha nikangoja nimeinamisha sikio. Ghanim kanitazama. Uso umechoka, haukulala ule. Akasema kitambaa kizuri hiki, akaondoka.

Karibu aseme! Ilikuwa imebaki kidogo tu! Ningemkalisha chai.

Nyumbani nimekuta chakula kimefunikwa mezani na mpishi hayuko. Mahfudha yuko chumbani na mlango kaufunga. Kumbe Bi Nasriya kampigia simu kumshukuru. Kumshukuru kwa kuwa na mume mwenye maoni mazuri! Wanawake hawana siri.

Nikabisha. Sauti ikatoka ndani: "Umekwenda kumshitaki mdogo wangu kwa shoga yangu, kwa kisingizio cha mapazia? Huna haya, Suud?"

Nikasema ni kwa maslahi ya timu. Kimya. Nikasema pia ni kwa maslahi ya kijana. Kimya. Nikasema wali umepoa. Hapo akacheka, lakini si kicheko cha kufungua mlango.

Haidhuru. Kesho tukishinda, wote watanitafuta wanipe mkono.

Alkhamisi, 11 Machi

Sijui niandike nini. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Bi Nasriya mstari wa mbele, kavaa dira yake. Mahfudha kaja, lakini kakaa mbali nami. Mimi na Mzee Musallam tuko mahali petu pa siku zote, nyuma ya kikapu cha upande wa mapazia. Naye kaleta chupa ya kahawa na khabari zake za forodha.

Vijana walicheza kama wamechomwa sindano. Aziz, nahodha, mdogo wa umbo lakini mwepesi, alikuwa hashikiki. Robo ya mwisho tuko sawa kwa sawa. Mara ya kwanza mwaka huu! Daktari Alaa kamwangalia Ghanim kwa jicho kali. Ghanim akamwita Hisham, akamvuta ainame, akamnong'oneza muda mrefu. Kisha akamwita Aziz, akamwonyesha kikapu cha mbali, kile tunachofungia sisi. Aziz akaenda kusimama chini yake, anapiga makofi.

Hisham kaingia. Ukumbi ulitikisika! Mpira wa kwanza wao wamerusha, Hisham kanyanyua mkono tu, kaudaka juu kwa juu. Bi Nasriya kapiga vigelegele. Nikamwambia Musallam: umeona? Msimu mzima! Musallam kaniuliza hilo ni goli au siyo.

Zimebaki sekunde chache. Bado sawa kwa sawa. Mpira ukagombaniwa katikati, wakaanguka rundo zima, na katika rundo lile Hisham akainuka na mpira peke yake. Kazunguka mara moja. Kazunguka tena. Kelele zimejaa, makofi ya Aziz kule mbali hayasikiki. Na Hisham kasimama pale katikati, kama mtu aliyeshushwa kituo asichokijua.

Nami nilikuwa na neno langu tayari. Nikapanda juu ya kiti. Nikapaza sauti yangu yote, sauti ya mtu aliyezoea kuita mafundi ghorofa ya tatu: "Hapa, Hisham! Hapa! Hapa!"

Uso wake ukafunguka. Akanigeukia. Akaja mbio, anadunda mpira, wenzake wanamkimbilia nyuma wanamshika jezi, wale maadui wamempisha njia, na mmoja kamwonyesha kwa mkono karibu. "Hapa!" nikasema, kwa mara ya mwisho, sauti imepungua, maana akili ilikuwa imeanza kufika.

Karusha. Sijapata kuona mpira uliorushwa vizuri namna ile. Haukugusa ringi. Ndani ya kikapu chetu wenyewe.

Filimbi. Tumefungwa kwa pointi mbili.

Kisha vicheko, upande wa wageni, kisha hata upande wetu. Hisham kanyanyua mikono juu, anatabasamu, anangoja kukumbatiwa. Aliyemfikia kwanza ni Ghanim. Kamzungushia mkono kiunoni, maana begani hafiki, akamtoa nje huku anamsemesha. Niliona tabasamu la kijana linavyozimika.

Bi Nasriya kajifunika uso kwa ushungi.

Musallam kaniuliza: "Sasa lile si goli?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mahfudha aliondoka na gari.

Ijumaa, 12 Machi

Walikuja baada ya sala. Ghanim na Hisham. Mahfudha kawafungulia, nami nimekaa sebuleni sijui mikono niiweke wapi.

Hisham ndiye aliyesema. Hakuketi, kasimama kama anahojiwa.

"Ami Suud, mimi sioni."

Nikasema huoni nini.

"Mbali. Kutoka hapa nakuona wewe ni rangi tu. Kikapu sikioni kabisa mpaka niwe chini yake."

Akaeleza yote. Kabla ya msimu kuanza alikwenda kwa daktari wa macho, peke yake. Daktari kamwambia avae miwani, tena minene, na habari za urubani azisahau. Kijana hakuweza kumwambia mama yake. Mama alishawaahidi watu tiketi! Akamwendea mwalimu wake, Ghanim, kwa sababu ndiye mtu pekee asiyepiga kelele. Akamwomba mambo mawili: asimwambie mtu, na asimtoe kwenye timu, maana akitolewa mama atauliza kwa nini. Ghanim akakubali yote mawili. Akamkalisha benchi, na kila jioni akabaki naye ukumbini kumfundisha kurusha kwa kusikia, pengine siku moja atapata mitupo huru, aonje kucheza.

Na sisi jukwaani tunamwita Ghanim jiwe. Mimi ndiye niliyeanza kumwita jiwe.

Nilimgeukia. Kaka yangu, shemeji yangu, kwa nini hukuniambia?

Ghanim kaliangalia zulia. "Lilikuwa si langu la kusema, shemeji. Lakini ungeniuliza, ningekwambia kuna sababu, na sitaitaja. Nadhani ungeniamini." Akainua macho. "Ulikuwa ukinionyesha nyama."

Mahfudha kaingia jikoni ghafla. Nilimsikia anafungua bomba la maji ambalo halina kazi.

Nikasimama. Kiuno bado, lakini nikasimama, nikamwomba radhi Ghanim, na Hisham nikamwomba, na safari hii radhi zote zilikwenda zilikotakiwa. Ghanim akanikumbatia. Ana mwili mdogo sana, mtu huyu. Sijui alikuwa anaweka wapi matusi yote yale.

Hisham akasema ameamua kwenda kumwambia mama yake leo leo. Akaomba mtu wa kumsindikiza. Ghanim akasema yeye. Mahfudha akatoka jikoni na buibui ameshavaa, akasema yeye pia. Wakanitazama.

Nilikwenda. Nilikaa karibu na mlango. Bi Nasriya alisikiliza mpaka mwisho, mikono kapakata. Nilidhani ataanguka. Akamwambia mwanawe amsogelee, amsogelee zaidi, mpaka pua karibu zigusane. "Sasa unaniona?" Akasema naam. "Basi nitazame vizuri. Mimi nalia kwa sababu ya ndege? Nalia kwa sababu ulikuwa gizani na mimi napiga vigelegele."

Sikuweza kukaa. Nimetoka nje nikajifanya napima dirisha.

Jumatatu, 15 Machi

Hisham ana miwani! Minene kama kitako cha gilasi. Tatizo, inadondoka akiruka. Nimemshonea mkanda wa kuvutika, ule ninaotia kwenye mapazia ya bafuni, unazunguka kisogoni barabara. Kazi nzuri, ingawa najisifu mwenyewe.

Daktari Alaa hataki kusikia lolote. Alkhamisi ni mechi ya mwisho. Kushinda au plastiki.

Mahfudha ananisemesha sasa. Kaniwekea sharti moja tu. Alkhamisi nitakaa karibu naye, na mdomo wangu utakuwa na shughuli.

Alkhamisi, 18 Machi

Tumeshinda! Tumeshinda, tumeshinda, tumeshinda! Pointi moja!

Nilikaa kando ya Mahfudha na kifuko cha halua mapajani. Kila nikifungua mdomo anatia kipande. Nusu ya pili sikuweza hata kusema bismillahi.

Hisham kaanza mechi. Wale maadui walipomwona na miwani yake na mkanda wangu, wakacheka. Naye hakuwaona, alikuwa anatazama juu. Kazunguka uwanja mzima kichwa juu. "Mwalimu!" kasema, ukumbi wote tumesikia. "Kumbe ringi ina wavu!" Kisha kanitafuta jukwaani, akaniona, akaniona kweli: "Ami Suud! Mapazia yana mistari ya fedha!"

Robo nzima ya kwanza hakufanya kitu. Anashangaa tu. Anasoma maandishi ya jezi za watu. Mpira mmoja umempita sikioni, kausindikiza kwa macho kwa furaha. Nilitafuna halua kwa uchungu. Ghanim hakumtoa. Mimi ningemtoa! Ghanim kakaa kimya, mikono mapajani, kama anangoja mtu amalize kula.

Kisha kijana akamaliza kushangaa. Nisemeje? Kikapu chetu kilifungwa mlango. Kila wanachorusha, mkono wa Hisham uko pale. Na mwisho kabisa wao wako mbele kwa pointi moja, Hisham kaudaka mpira wao juu, kaangalia, kamwona Aziz yuko peke yake mbele, kampelekea uwanja mzima. Aziz kaweka ndani. Filimbi.

Vijana wakambeba Ghanim. Ni mwepesi, walimrusha juu kupita walivyokusudia, miguu yake ikagusa ubao wa kikapu. Bi Nasriya alipiga vigelegele mpaka refa akaziba masikio. Daktari Alaa alipiga makofi kwa vidole viwili. Musallam kaniuliza tumeshinda magoli mangapi. Nikamkumbatia.

Mapazia yangu yanabaki.

Ijumaa, 19 Machi

Ghanim kaja kula chakula cha mchana, kwa sababu jana alikuwa hoi. Mahfudha kapika biriani. Nimempa kiti changu.

Tulipokwisha kula, kaniwekea mkono gotini. Kasema kwa sauti yake ile ile: "Shemeji, tuwekeane ahadi. Siku nyingine ukitaka kujua kitu changu chochote, niulize tu. Mimi nitakujibu." Nikasema ewallah, khalas, kuanzia leo nakuuliza. Tukapeana mikono. Mahfudha ni shahidi.

Nimejifunza somo kubwa. Nimelitafakari wakati nanawa. Bila mimi, Hisham angekuwa hana miwani mpaka leo, timu imevunjwa na ukumbi una plastiki. Watu hawalisemi, lakini naona kwenye nyuso zao wanajua.

Kisha Ghanim akaaga mapema. Kabla ya chai! Yeye, anayekunywa vikombe vitatu! Nimemchungulia kupitia pazia la sebuleni. Kafungua buti ya gari, katoa boksi refu lililofungwa kamba, kaangalia pande zote, kalihamishia kiti cha nyuma, kalifunika kwa shuka. Akaondoka polepole, kama mtu aliyebeba mayai. Wala hakuelekea kwake. Kakata kushoto, njia ya Qantab.

Boksi gani? Qantab ana nani?

Nimemwambia Mahfudha. Kasema si mmeahidiana hapa sasa hivi, simu ile pale, mpigie umuulize.

Nimuulize! Niharibu kila kitu! Kuuliza ni kwa watu wasiojua kuchunguza. Nimeshazungumza na Mzee Musallam, kesho ananiazima gari lake, maana langu Ghanim analijua. Sababu ya kwenda Qantab ninayo. Nitachukua kitabu cha vitambaa.